Mjumbe Hauawi: Wito wa Kuwapatanisha Watu na Mungu

Ukisafiri kutoka Bujumbura kwa barabara kuu iendayo Gitega, kabla hujafika mjini utapita mahali paitwapo Kibimba, katika eneo la Giheta. Kando ya barabara utaona mnara wa ukumbusho wenye maneno machache ya Kifaransa, ambayo maana yake ni kwamba jambo lile lisitokee tena kamwe. Abiria wengi hupita wakiwa wamesinzia. Wengine hugeuza uso. Wachache huvua kofia.

Tarehe 21 Oktoba, 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo, aliuawa mjini Bujumbura. Habari zilipofika vijijini, nchi iliwaka moto. Pale Kibimba wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari walikamatwa pamoja na watu wazima kadhaa, wakafungiwa ndani ya jengo la kituo cha mafuta, kisha wakachomwa moto. Baadaye mahakama ilimtia hatiani mkuu wa shule yenyewe, naye akanyongwa mwaka 1997. Katika siku zilizofuata, Wahutu wengi wa milima ya karibu nao waliuawa kwa kisasi, na wengine wakakimbia makwao.

Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Lakini nimesomea ualimu, na kila nipitapo pale najiuliza swali moja ambalo cheti changu hakikunifundisha kulijibu. Shule ile ilikuwa ya misheni. Kengele ya sala ililia kila asubuhi. Waliouawa na waliowaua walikuwa wameketi katika benchi moja la kanisa. Basi, baada ya hayo, ni nani mwenye kinywa cha kumwendea mwenzake na kumwambia, "Ndugu yangu, rudi kwa Mungu, upatane naye"?

Swali hilo ndilo shina la makala haya. Nawaandikia hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi, pamoja na wake, waume na watoto wenu, kwa kuwa ninyi mnaijua amani na vita kuliko sisi tukaao ofisini.

MJUMBE NI NANI?

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya tano, anaeleza kwamba Mungu aliupatanisha ulimwengu na nafsi yake kwa njia ya Kristo, kisha akawakabidhi waamini huduma hiyo ya upatanisho. Anawafananisha na mabalozi, yaani wajumbe waliotumwa na mfalme kuwasihi watu wapatane naye.

Askari hahitaji kufafanuliwa sana mfano huu. Tarishi akitumwa na kamanda kupeleka amri kwenye kikosi cha mbali, haruhusiwi kuongeza neno wala kupunguza. Akifika hajisifu kana kwamba amri ni yake. Wala hawezi kukataa kuipeleka kwa sababu tu hampendi mkuu wa kikosi kile. Yeye ni mdomo wa aliyemtuma, basi.

Katika mfano huo tunapata mambo matatu. La kwanza, amani yenyewe ni ya Mungu, si ya mjumbe. Padri, mchungaji, katekista au jirani hawezi kuitengeneza. Kazi yake ni kuitangaza. La pili, Paulo anasema kusihi, wala hasemi kulazimisha. Anayemtisha mwenzake kwa moto wa jehanamu ili amwone akilia hadharani amekwisha kuacha ujumbe wa mfalme, ameanza kupeleka wake. La tatu, nalo ndilo gumu, mjumbe naye alikuwa adui aliyesamehewa. Mtu asiyekumbuka kwamba aliwahi kusamehewa hafai kupelekwa popote.

Wazee wetu wa Burundi hawakuwa wageni wa mambo hayo. Palikuwapo bashingantahe, watu wazima waliopimwa kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa fimbo ya haki. Mlevi hakuchaguliwa, wala mwongo, wala yule ambaye nyumbani kwake hapakaliki. Walipomaliza shauri la watu wawili waliogombana, wagomvi walikunywa pombe pamoja, na kijiji kizima kikaona kwa macho kwamba neno limekwisha. Waislamu wa Muyinga na wa Buyenzi nao wana sulhu, na wajua kwamba msuluhishi asiyeaminika ni hasara tupu. Kila mila inakubali kwamba mpatanishi hupimwa kwanza, ndipo husikilizwa.

WAJUMBE WALIOUAWA

Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Nchi yetu imelivunja neno hilo mara nyingi.

Padri Michel Kayoya, mwandishi na mwalimu, Mhutu, aliuawa Gitega mwezi Mei, 1972, katika mauaji ya mwaka ule ambayo bado yanatajwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi.

Miaka 24 baadaye ilikuwa zamu ya Askofu Mkuu Joachim Ruhuna, Mtutsi, aliyeliongoza Jimbo Kuu la Gitega tangu mwaka 1982. Mwezi Julai, 1996, watu zaidi ya 300 waliokuwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bugendana, kaskazini mwa Gitega, waliuawa. Askofu Ruhuna aliwazika, na katika maziko hayo aliwakemea wauaji bila kuuma maneno. Alikuwa na desturi ya kukemea damu, iwe imemwagwa na huyu au na yule. Kwa sababu hiyo pande zote mbili hazikumpenda. Tarehe 9 Septemba, 1996, gari lake lilishambuliwa njiani alipokuwa akirudi Gitega. Aliuawa yeye pamoja na wengine waliokuwa naye.

Haukupita mwaka. Tarehe 30 Aprili, 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, wakawaamuru wavulana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wavulana walikataa. Waliuawa 40. Hakuna mahubiri yaliyopata kusemwa katika nchi hii yaliyo mafupi na mazito kama kukataa kule. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenyeheri vijana hao, pamoja na Padri Kayoya na wengine.

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari, 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya maaskofu kuandika barua ya kulalamikia mauaji. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alikimbilia uhamishoni, naye huko akaandika kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, kwa maana lilitangaza kwamba anampenda Amin. Hakuwa anampaka mafuta dikteta. Alikuwa anasema kwamba chuki ikiingia moyoni mwa mjumbe, ujumbe umekwisha.

KOMITI YA KIBIMBA

Turudi Giheta. Misheni ya Kibimba ilifunguliwa mwaka 1934 na Marafiki, ambao wengi huwaita Waquaker. Mwanzilishi wake, Mmarekani Arthur Chilson, alikuwa amefanya kazi kwanza huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 1902. Kanisa hilo kwa desturi yake halishiki silaha. Fikiria basi aibu na uchungu wa waumini wake baada ya Oktoba, 1993. Kibimba palijaa wakimbizi wa Kitutsi waliokuwa wakilindwa na askari. Wahutu walikaa milimani kwa hofu. Hospitali ipo, lakini mgonjwa wa mlimani anaogopa kushuka. Shule ipo, lakini mzazi anaogopa kumpeleka mtoto.

Mwaka 1994 watu wachache wa pande zote mbili waliunda Komiti ya Amani ya Kibimba. Hawakuanza na mahubiri makubwa. Walianza na mambo ya kawaida: watoto wasome tena pamoja, mgonjwa apite bila kudhuriwa, watu wa mlimani na watu wa kambini waonane uso kwa uso. Mwaka 1996, mjini Gitega, Marafiki walianzisha MiPAREC, chombo ambacho jina lake kamili kwa Kiswahili ni Huduma ya Amani na Upatanisho Chini ya Msalaba. Angalieni jina hilo. Walijua kwamba amani na jirani na amani na Mungu ni kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Ukiikata moja, nyingine inafumuka.

Kutokana na mbegu hizo zilichipuka nyingine. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mafunzo ya siku tatu ya kuponya majeraha ya moyo, ambamo watu 20, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, huketi pamoja. Siku moja hufanya zoezi lionekanalo kama mchezo wa watoto. Mmoja hufungwa kitambaa machoni, na mwenzake wa upande mwingine humshika mkono na kumwongoza penye mawe na mashimo. Mtu ambaye kwa miaka kumi hakuthubutu kumpa kisogo jirani yake, sasa anatembea gizani akiwa ameshikwa na mkono ule ule aliouogopa.

Wapo pia watu wawili ambao habari zao zimeandikwa vitabuni. Mchungaji David Niyonzima alikuwa akiwafundisha vijana kazi ya uchungaji huko Kwibuka, karibu na Gitega. Katika siku zile za Oktoba, 1993, askari waliingia, na wanafunzi wake wanane wakauawa. Yeye alinusurika kwa kujificha. Mtu huyo angeweza kuishi kwa kinyongo mpaka kaburini, na nani angemlaumu? Badala yake aliandika pamoja na Mmarekani Lon Fendall kitabu juu ya msamaha, kilichotoka mwaka 2001, na akaanzisha kazi ya kuwatibu watu walioumizwa roho na vita.

Wa pili ni Gilbert Tuhabonye, mwanafunzi na mwanariadha wa Kibimba. Alikuwa ndani ya jengo lile lililochomwa moto. Alikaa chini ya maiti za wenzake kwa saa nyingi, kisha akavunja dirisha akakimbia huku ngozi yake ikiungua. Leo anaishi Austin, Texas, nchini Marekani, akiwafundisha watu mbio. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006, naye anaeleza kwamba imani yake ndiyo iliyomwezesha kusamehe. Ameanzisha pia mfuko unaowapatia maji safi wanavijiji wa Burundi. Bomba la maji halichagui Mhutu wala Mtutsi. Aliyechomwa moto amerudisha maji.

MSAMAHA NA SHERIA

Hapa najua askari mmoja atauliza, "Mwalimu, je, aliyeua akitubu mambo yamekwisha? Mahakama ifungwe?" Swali ni la haki.

Upatanisho na Mungu haufuti sheria ya nchi. Injili inamtaja Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Alipompokea Yesu nyumbani kwake hakusema tu kwamba amesikitika. Alisimama mbele ya watu, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu. Ng'ombe aliyeibwa hurudi zizini. Shamba lililonyakuliwa hurudi kwa mwenyewe. Na aliyeficha mahali pa kaburi huonyesha kaburi.

Jambo hili la makaburi si la nadharia. Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilifukua mwanzoni mwa mwaka 2020 makaburi ya halaiki huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, na kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Wajane waliozeeka walitambua nguo na rozari. Kwa miaka 48 palikuwapo watu waliojua mahali pale wakanyamaza. Mjumbe wa Mungu anapomwendea mtu wa namna hiyo, hampelekei usingizi. Humpelekea ujasiri wa kusema kweli, hata kama kweli hiyo itamfikisha mbele ya hakimu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wazee hawakusema mpenzi wa watu.

Lakini na upande wa pili tuuseme. Anayesamehe halazimishwi kusahau, wala haifai mtu mwingine kumhimiza asamehe upesi ili sherehe ianze. Jeraha lina siku zake. Kazi ya mjumbe ni kuketi hapo karibu.

KAMBINI

Ninyi askari mnao ushahidi ambao raia wengi hawana. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti, 2000, yaliyoanzwa chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere na kumalizwa chini ya Mzee Mandela, na baada ya mapatano mengine yaliyofuata na makundi yenye silaha, liliundwa mwaka 2004 jeshi jipya la ulinzi wa taifa pamoja na polisi mpya. Katiba ya mwaka 2005 iliweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya vikosi hivyo. Watu waliokuwa wakiwindana porini walilala katika bweni moja, wakala katika sufuria moja. Kuanzia mwaka 2007 walikwenda pamoja Somalia, na huko wakafa pamoja.

Sheria iliweza kuwaweka katika bweni moja. Haikuweza kuwapa usingizi. Usiku mtu hubaki na yale aliyoyaona na aliyoyatenda, na hapo ndipo wito huu unapomhusu askari Mkristo. Mwenzako akikaa peke yake baada ya lindo, akianza kunywa kupita kiasi, akiwapiga watoto bila sababu, usimhukumu kabla ya kumsikiliza. Huenda anaamini kwamba Mungu amekwisha kumfungia mlango. Mwambie kwa maneno machache kwamba mlango haujafungwa, na kwamba unajua kwa sababu wewe mwenyewe ulipitia hapo. Kisha mpeleke kwa padri, kwa mchungaji au kwa mganga wa hospitali, kwa kadiri ya haja yake. Kumpeleka kwa mganga si upungufu wa imani.

NYUMBANI

Sasa niseme la kwangu, ili msidhani nawahubiria kutoka juu ya mti.

Miaka michache iliyopita niliombwa parokiani kuwafundisha vijana somo la kitubio. Nilijitayarisha vizuri, nikachora ubaoni njia ya mwana mpotevu kurudi kwa baba yake. Wakati huo mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa hatusemezani. Baba alipofariki aliacha shamba, na kati ya sehemu yangu na yake kulikuwa na kipande chenye upana usiozidi hatua sita. Kwa hatua sita hizo tulikwenda kwa wazee, tukaenda mahakamani, na mama akaacha kula mezani nasi. Somo lilipokwisha, msichana mmoja wa miaka kama 14 aliinua mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kaka yako amepita hapo nje. Mbona hamkuamkiana?"

Sikuwa na jibu. Injili ya Matayo inafundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza apatane naye. Mimi nilikuwa nimeishika chaki kama sadaka, na sikuiacha.

Jioni ile nilikwenda kwa kaka. Nilimwambia, "Kaka, nimekuja kukuomba radhi. Kipande kile chukua." Aliniangalia kwa muda mrefu, akajibu kwamba amesikia. Hakunikaribisha ndani. Ilipita miezi minane kabla hajaja kwangu, akiwa na kikapu cha viazi, akaketi, akauliza habari za watoto. Kipande kile bado analima yeye, na sitaficha kwamba msimu wa mavuno huwa kinaniuma. Lakini mama anakula nasi, na msichana yule nimepata jibu la kumpa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua kama umeitwa kuwapatanisha watu na Mungu, usianze na ukubwa wa Biblia yako. Anza na haya machache:

Kwanza, chunguza ni nani usiyesemezana naye, umwendee wewe kabla hajaja yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, wazazi, mkigombana mbele ya watoto, patanisheni pia mbele yao. Mtoto aliyeona ugomvi tu bila kuona suluhu ataondoka na nusu ya somo.

Tatu, msiwarithishe watoto orodha ya maadui. Waelezeni historia ya nchi kwa kweli, na wafu wa pande zote mwataje. Msiwape jina la jirani kama deni la kulipwa.

Nne, ukimwona mtu anarudi kanisani au kwa jamaa zake baada ya makosa makubwa, msogezee nafasi katika benchi. Wengi hurudi mpaka mlangoni, wakakosa pa kuketi, wakaondoka.

Tano, ukiwa umekosa, tubu na ulipe kinacholipika.

Juu ya kilima cha Gishora, huko huko Giheta, zimehifadhiwa ngoma za kifalme za Burundi. Ngoma moja haichezeki. Wapigaji husimama kwa nusu duara, mmoja mmoja hutoka kwenda kuipiga ile ya katikati, kisha hurudi mahali pake, na mlio hausimami. Wajumbe nao walitoka mmoja mmoja: Kayoya, Ruhuna, vijana wa komiti ya Kibimba ambao majina yao magazeti hayakuyaandika. Wengine hawakurudi mahali pao. Mlio haujasimama, na nafasi katika duara iko wazi. Leo jioni, kabla ya chakula, yupo mtu mmoja ambaye wewe peke yako ndiye uwezaye kumwendea.